Vumbi lisiloshuka: kufanya kazi na nanomaada maabarani

Achia chembe ya vumbi yenye upana wa mikromita 10 katika chumba ambacho hewa yake haitikisiki, kimo cha mita moja kutoka sakafuni. Itatua baada ya dakika tano au sita. Achia nyingine ya mikromita 1: hiyo itachukua kama saa nane, zamu nzima ya kazi. Sasa shuka hadi nanomita 100, yaani sehemu ya kumi ya ile ya pili, na mita hiyohiyo moja itahitaji takriban siku 13. Hesabu hizi ni za chembe yenye msongamano sawa na wa maji, tena katika hewa tulivu kabisa. Hewa ya maabara haitulii hata dakika moja. Mlango unafunguliwa, kiyoyozi kinavuma, mtu anapita. Kwa hiyo chembe ya ukubwa huo haishuki hata kidogo. Inaelea mpaka igonge ukuta, iungane na wenzake, inyonywe na mfumo wa hewa au iingie puani mwa mtu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwenye nanomaada yanalo. Mwanafunzi anayechota unga mweusi kutoka kwenye chupa huona vumbi kidogo likipanda kisha likitua mezani, na akishaona limetua huamini kwamba mambo yamekwisha. Alichokiona kikitua ni mabonge, chembe nyingi zilizoshikamana zikawa kubwa kiasi cha kuonekana. Zile zilizojitenga hakuziona zikipanda, na hatajua zimekwenda wapi. Karibu kila utaratibu nitakaoueleza hapa umezaliwa na jambo hilo moja: unafanya kazi na kitu ambacho jicho lako haliwezi kukushuhudia kama umekimwaga au hukukimwaga.

Udogo unabadilisha nini

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000 hivi. Kitu huitwa nanomaada pale ambapo angalau kipimo chake kimoja, urefu, upana au unene, kipo kati ya nanomita 1 na 100. Umoja wa Ulaya, katika pendekezo lake la 2011 ambalo lilifanyiwa marekebisho 2022, unaangalia idadi na si uzito: ikiwa nusu au zaidi ya chembe zilizomo zinaangukia kwenye kipimo hicho, unga huo ni nanomaada. Kuchagua idadi badala ya uzito kuna sababu nzuri. Mpira mmoja wa mikromita 1 una uzito sawa na mipira 1,000,000 ya nanomita 10 ya maada ileile. Ukiangalia mizani tu, bonge moja linaficha umati mzima.

Udogo peke yake usingekuwa na shida kama usingeandamana na eneo la uso. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Eneo lake lote la nje ni sentimita za mraba 6, chini ya ukubwa wa stempu mbili. Ukate uwe michemraba midogo ya nanomita moja kila upande, bila kuongeza wala kupunguza maada yoyote, na jumla ya nyuso zake itafika mita za mraba 6,000, pungufu kidogo tu ya uwanja wa mpira wa miguu. Kemia hufanyika usoni mwa kitu. Dhahabu, ambayo katika pete haijali maji wala hewa, ikiwa chembe za nanomita chache hubadilika rangi ikawa nyekundu ndani ya maji na kuweza kuchochea mabadiliko ya kikemia. Alumini ya kufungia chakula unaishika kwa mikono mitupu. Alumini hiyohiyo ikiwa unga wa nano inaweza kuwaka ikigusana na hewa.

Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza unapojitokeza, nao ni wa karatasi. Kila kemikali inayonunuliwa huja na karatasi ya taarifa za usalama, na msomaji makini huisoma. Lakini karatasi zilizokuja na nanomaada nyingi zimeazima taarifa za ndugu yake mkubwa. Unafungua karatasi ya nanotyubu za kaboni, ile mirija myembamba iliyojulikana sana baada ya kazi ya Sumio Iijima mwaka 1991, na unakuta imeandikwa mambo ya grafiti, kitu kilicho ndani ya penseli. Kikemia hakuna uongo hapo, kwani vyote ni kaboni. Ila mapafu hayasomi jina la kikemia. Karatasi ikikuambia habari za maada kubwa tu, bila kutaja ukubwa wa chembe, umbo lake au eneo la uso kwa gramu, ichukulie kama mwanzo wa maswali. Hatari iliyoandikwa humo ndiyo kiwango cha chini kabisa cha tahadhari.

Mwilini

Njia kuu ya kuingia ni pumzi. Ngozi nzima isiyo na jeraha ni ukuta mzuri kwa chembe nyingi, na kumeza hutokea zaidi kwa uzembe wa mikono. Pumzi huwezi kuifunga.

Watu hudhani kwamba chembe ikizidi kuwa ndogo basi inazidi kwenda ndani. Si hivyo kabisa. Chembe za nanomita moja hivi huhangaika sana hewani, zikagonga kuta za pua na koo na kunasa hukohuko kwa wingi. Chembe za karibu nanomita 20 ndizo zenye bahati mbaya kwetu: kwa makadirio ya vielelezo vya mfumo wa upumuaji, karibu nusu ya zinazovutwa hutua katika vile vifuko vidogo vya hewa mwishoni kabisa mwa mapafu. Huko hakuna vinyweleo vya kusukuma uchafu juu kama vilivyo kwenye koromeo. Kazi ya kusafisha imeachiwa seli za ulinzi zinazotambaa na kumeza chochote kigeni.

Seli hizo zina kikomo. Chembe ya duara humezwa, hata kama baadaye italeta uvimbe. Uzi mrefu, mgumu na usioyeyuka, wenye mikromita 15 au 20, ni mrefu kuliko seli yenyewe. Seli inajaribu kuumeza, inashindwa nusu ya njia, na inaendelea kumwaga kemikali za vita pale ilipokwama. Hii ndiyo hadithi ya asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani ya mapafu. Ndiyo maana mwaka 2008, watafiti walipoonesha kwamba nanotyubu ndefu za kaboni zenye kuta nyingi, zikiingizwa kwenye tumbo la panya, zinaleta uvimbe unaofanana na ule wa asbesto ndefu, huku zile fupi na zilizojisokota hazifanyi hivyo, wataalamu wa afya ya kazini walikaa wima. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka aina moja ya nanotyubu, inayojulikana kama MWCNT-7, katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine zilibaki katika kundi la 3: ushahidi hautoshi kuamua. Naomba msomaji asilisome kundi la 3 kama cheti cha usafi. Maana yake ni kwamba kesi haijasikilizwa ikaisha.

Namba za viwango zinaeleza zaidi kuliko maneno. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2011 kwamba hewa anayovuta mfanyakazi isiwe na zaidi ya miligramu 2.4 za titani dioksaidi ya kawaida kwa kila mita ya ujazo. Kwa titani dioksaidi ya nano, kitu kilekile, kiwango kikashuka hadi miligramu 0.3, mara nane chini. Mwaka 2013 ikapendekeza mikrogramu 1 tu kwa mita ya ujazo kwa nanotyubu na nanonyuzi za kaboni, na mwaka 2021 mikrogramu 0.9 kwa nanomaada za fedha. Haya ni mapendekezo ya kitaalamu, si sheria, na kila nchi ina taratibu zake. Lakini hebu tuipige hesabu hiyo ya nanotyubu. Maabara yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 10 na kimo cha mita 3 ina mita za ujazo 300. Ili ifike kwenye kikomo hicho zinatosha mikrogramu 300 zilizosambaa hewani, yaani miligramu 0.3. Mizani ya kawaida ya mezani haiwezi hata kukiona kiasi hicho. Ukipiga chafya juu ya kijiko chenye unga huo, umeshavuka.

Uulize uko huru au umefungwa

Watu wanaoanza kazi hii hupenda kuuliza orodha: nanomaada ipi ni mbaya, ipi ni salama? Swali lina maana, lakini halijibu kazi ya leo asubuhi. Nanotyubu hizohizo zikiwa zimeganda ndani ya kipande cha plastiki ngumu unaweza kukishika, kukipima na kukiweka mfukoni. Zikiwa ndani ya maji hatari yake inategemea unayafanya nini maji hayo. Zikiwa unga mkavu chupani, kufungua kifuniko tu ni tukio. Maada haikubadilika katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni uhuru wake wa kuruka. Kwa mtazamo wangu, mtu akiliweka swali hilo mbele, kwamba chembe hizi ziko huru au zimefungwa na kazi yangu itazifungua wapi, atakuwa ameshajua nusu ya anachopaswa kufanya kabla hajafungua kitabu chochote cha kanuni.

Kutoka hapo mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kama muuzaji anatoa nanomaada hiyo ikiwa tayari imesambazwa katika kimiminika, nunua hiyo na uachane na unga. Kama jaribio linaweza kuanzia kwenye kimiminika na kuishia kwenye kimiminika, usilikaushe katikati kwa sababu tu ndivyo daftari la mtangulizi wako linavyosema. Na kama lazima ufungue unga mkavu, fanya hivyo mara moja, mahali pamoja, uulowanishe humohumo ndani, kisha utoke na chupa yenye majimaji.

Majimaji nayo yana mtego wake. Ili kutenganisha mabonge watu hutumia mtambo wa mawimbi ya sauti, ule wa beseni au ule wa fimbo inayozama chupani. Fimbo hiyo inachemsha viputo vidogo na kurusha ukungu wa matone. Kila tone linabeba chembe. Maji yanakauka hewani kwa sekunde chache na chembe zinabaki zikielea, huru kabisa. Kazi iliyoonekana kuwa ya majimaji imegeuka kuwa ya unga bila mtu kutambua, tena mtambo wenyewe mara nyingi uko juu ya meza ya kawaida kwa sababu unapiga kelele na hakuna anayetaka kuingiza kichwa nao kwenye kabati la kunyonya hewa. Kutikisa chupa kwa nguvu, kumimina kutoka juu, kufungua mrija uliotoka kwenye mashine ya kuzungusha, vyote ni wa ukoo huohuo. Plastiki ngumu nayo husalimu amri ukiikata kwa msumeno, kuitoboa au kuipiga msasa.

Kuna wakati mmoja zaidi ambao hausemwi sana: mavuno na usafi wa tanuri. Tanuri la kuzalishia nanotyubu likiwa limefungwa na linafanya kazi halina neno. Shida inakuja siku ya kulifungua na kukwangua kilichoota ndani, au fundi anapobadilisha bomba lake. Anayezalisha kitu hukikumbuka kitu. Anayesafisha mara nyingi haambiwi.

Kwenye mizani

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukutana na unga kwa mara ya kwanza, na makosa yake ni yaleyale kila mahali.

Kosa la kwanza ni kukimbizana na namba. Maelekezo yanasema miligramu 50, mtu anachota, anaona 53, anarudisha kidogo, anaona 48, anaongeza. Kila safari ya kijiko ni nafasi ya chembe kuruka. Namna iliyo bora ni kugeuza hesabu. Pima chupa tupu ikiwa na kifuniko chake. Ingiza chupa hiyo kwenye kabati la kunyonya hewa, weka unga unaokadiria kuwa unatosha, funga, futa nje kwa kitambaa chenye unyevu, kisha itoe na uipime ikiwa imefungwa. Kama ulipata 53, sawa, umepata 53; ongeza kiyeyushi cha kutosha miligramu 53. Kimiminika ni rahisi kukirekebisha na hakiruki. Kwa kazi nyingi hakuna sababu yoyote ya kisayansi ya kutaka 50 kamili.

Kosa la pili ni umeme tuli. Unga mwepesi na chombo cha plastiki katika hewa kavu hufanya maajabu: chembe zinapanda ukingo, zinarukia glavu, zinatawanyika kijiko kikikaribia. Tumia kijiko cha chuma na chombo cha glasi au kilichotengenezwa kisihifadhi chaji.

Na kabati lenyewe? Wengi hufikiri kwamba likivuta kwa nguvu zaidi ndivyo linavyolinda zaidi. Kabati zuri huvuta hewa kwa mwendo wa karibu mita 0.5 kwa sekunde kwenye uwazi wake wa mbele. Ukiongeza sana, hewa inayompita mtu aliyesimama mbele inajipinda ikaleta vimbunga vidogo kifuani pake, na vimbunga hivyo huweza kurudisha nje kile kilichotakiwa kwenda nyuma. Tena unga unapeperuka kutoka kwenye kijiko na mizani haitulii. Teremsha kioo cha mbele hadi chini kadiri mikono inavyoruhusu, fanya kazi ndani zaidi ya uwazi, na utoe mikono polepole. Mkono unaochomolewa ghafla huvuta hewa nyuma yake kama gari linalopita.

Jambo lenye hatari zaidi kuliko hayo yote ni kukosea kabati. Zipo meza safi ambazo hewa yake imechujwa vizuri mno lakini inavuma kutoka nyuma kuja usoni kwako, kwa sababu zilitengenezwa kulinda sampuli isichafuliwe na wewe. Kufungua unga wa nano hapo ni kujipulizia mwenyewe. Visanduku vya glavu vilivyojazwa gesi ya agoni navyo huendeshwa kwa msukumo wa juu kidogo kuliko chumba ili hewa ya nje isiingie. Vikivuja, vinavuja kuelekea kwako. Kabla ya kukitumia chombo chochote chenye kioo na feni, uliza kimetengenezwa kumlinda nani.

Ungo na kichujio

Kila nikizungumzia barakoa hutokea mtu mwenye swali la haki kabisa: ikiwa chembe ni ndogo kiasi hiki, si zitapita tu kwenye matundu?

Zingepita kama kichujio kingekuwa ungo. Ungo huzuia kilicho kikubwa kuliko tundu na kuachia kilicho kidogo. Kichujio cha nyuzi hakifanyi kazi hivyo hata kidogo; nafasi kati ya nyuzi zake ni kubwa kuliko karibu kila kinachonaswa. Chembe kubwa zinanaswa kwa sababu ni nzito: hewa inapokata kona kuuzunguka uzi, zenyewe haziwezi kukata kona, zinaugonga na kubaki. Chembe ndogo sana zinanaswa kwa sababu iliyo kinyume. Molekuli za hewa zinazipiga kumbo kila upande, zinayumba kama mlevi njiani, na katika kuyumba huko haziwezi kuvuka msitu wa nyuzi bila kuugusa uzi mmoja. Zikishagusa zinashika. Inayosumbua ni ya katikati, nyepesi mno kuugonga uzi na nzito mno kuyumba vya kutosha, na kwa kichujio cha kawaida cha nyuzi hiyo ni chembe ya karibu nanomita 300. Ndiyo maana kichujio cha HEPA hupimwa kwa mikromita 0.3 na kutakiwa kunasa asilimia 99.97: kinapimwa pale kilipo dhaifu zaidi. Chembe ya nanomita 20 ni rahisi kwake kuliko ile ya 300. Barakoa ambazo nyuzi zake zina chaji ya umeme huwa na udhaifu wao chini zaidi, chini ya nanomita 100, lakini hata hapo barakoa nzuri hubaki karibu na kiwango kilichoandikwa.

Kwa hiyo udhaifu uko ukingoni. Hewa ni mvivu, hufuata njia nyepesi, na pengo dogo pembeni mwa pua ni njia nyepesi kuliko kitambaa kizima. Barakoa ya N95 au FFP3 isiyokaa sawa usoni, au iliyovaliwa juu ya ndevu, haina tofauti kubwa na pambo. Zile za upasuaji zilizo wazi pembeni hazikutengenezwa kwa kazi hii. Na barakoa yoyote, hata iliyo bora, ni ya mwisho kwenye foleni: kwanza ondoa unga, kisha ufunge, kisha uvute hewa, kisha upange kazi, ndipo uvae. Ukiona maabara inayoanza na barakoa, kuna hatua nne zimerukwa.

Kuhusu glavu sina mengi. Za naitraili zinafaa kazi nyingi, pea mbili kwa unga mkavu, zikifunika mkono wa koti. Zibadilishe mara kwa mara na usishike simu wala kitasa nazo. Chembe zikiwa ndani ya kiyeyushi, chagua glavu kwa kuangalia kiyeyushi, maana ndicho kitakachoitoboa. Vingine, kama dimethili salfoksaidi, hupenya ngozi na kubeba vilivyoyeyuka ndani yake. Koti la pamba linanasa unga na kuuachia baadaye, hivyo koti la nyenzo isiyofumwa ni bora zaidi, na lolote liwe halivuki mlango wa maabara. Historia ya asbesto ina wanawake waliougua bila kukanyaga kiwandani kamwe, kwa kufua nguo za waume zao.

Moto

Hofu ya mapafu imewafanya wengi wasahau moto. Unga wa nano wa alumini, chuma au titani una uso mpana sana wa kukutana na oksijeni, na nishati inayohitajika kuuwasha inaweza kushuka chini ya milijouli 1. Cheche ya umeme tuli kutoka kwenye kidole cha mtu, ile inayokufinya ukigusa kitasa, inaweza kuwa na mara kumi ya hiyo. Sisemi kwamba gramu mbili za unga zitalipua jengo. Mlipuko wa vumbi unahitaji wingu zito, makumi ya gramu katika kila mita ya ujazo. Kinachotokea kwa kweli maabarani ni chupa inayowaka mkononi. Metali hizi zifunguliwe ndani ya gesi isiyochangamana nazo, pasiwe na karatasi wala pombe pembeni, na kizimamoto kilicho karibu kiwe cha moto wa metali, au angalau ndoo ya mchanga mkavu kabisa. Maji juu ya alumini inayowaka yanazaa haidrojeni, na haidrojeni itamaliza kilichobaki.

Kaboni ya nano ina vituko vyake: inapitisha umeme. Vumbi lake likiingia kwenye kompyuta au soketi linaweza kusababisha shoti.

Kusafisha, kutupa, kupima

Ufagio usitumike kamwe. Hewa ya kupuliza pia usiitumie, hata kukausha kioo. Vumbi hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kuelekea upande mmoja, kikunjwe na kutupwa badala ya kusuuzwa na kurudishwa mezani. Kwa metali zinazochukia maji hutumika kimiminika kingine au mchanga mkavu. Mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani hukusanya mabonge na kupuliza chembe ndogo nje kwa nyuma. Inayoruhusiwa ni yenye kichujio cha HEPA, iliyotengwa kwa kazi hii tu, nayo hufunguliwa ndani ya kabati. Mkeka wenye gundi mlangoni unasaidia nyayo zisisafirishe kilichodondoka.

Sinki si njia. Nanochembe za fedha zinathaminiwa kwa sababu zinaua bakteria, na mitambo ya kusafisha majitaka inaendeshwa na bakteria. Kila kilichogusa unga, kuanzia vitambaa na glavu hadi ncha za pipeti na karatasi za kuchuja, kinawekwa kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, na kibandiko kinachotaja jina la maada, neno nano, kiyeyushi kilichokuwemo na tarehe. Kuandika "taka za kemikali" peke yake ni kumpelekea mtu mwingine fumbo.

Je, utajuaje kama yote haya yanafanya kazi? Kuna mashine za kuhesabu chembe hewani, ila zinahesabu kila kitu. Mota ya feni, moshi wa gari dirishani, hata jiko la umeme la chumba cha jirani hutoa chembe za ukubwa uleule, maelfu kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa hiyo unapima kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake, na ukiona ongezeko unakusanya sampuli kwenye kichujio na kuiangalia kwa hadubini ya elektroni ili ujue kama ni unga wako au ni moshi. Si kila maabara ina uwezo huo. Ndiyo maana mbinu ya madaraja imependwa: Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, Marekani, ilitengeneza jedwali linaloitwa CB Nanotool, ambalo hujumlisha alama za ubaya wa maada na za uwezekano wa kuivuta, kisha linakupa daraja moja kati ya manne, kuanzia hewa ya kawaida ya chumba, kabati la kunyonya, kazi iliyofungwa kabisa, hadi kumwita mtaalamu. Ninachokipenda ndani yake ni namna linavyomtendea asiyejua. Ukijibu "haijulikani", halikupi sifuri. Linakutoza robo tatu ya alama za juu kabisa.

Jedwali hilo lakini humwona yule tu aliyelijaza. Fundi anayekuja kubadilisha kichujio juu ya kabati hajawahi kuliona, na kichujio hicho ndicho kimekusanya kazi ya miaka yote: fedha ya mwaka juzi, nanotyubu za yule aliyehitimu na kuondoka, kadimi, metali yenye sumu, ya nukta za kwanta (chembe za nano zinazotoa mwanga wa rangi) zilizokaushwa mara moja tu na hazikuandikwa popote. Ndiyo sababu kabati linalotumika kwa nanomaada linatakiwa kuwa na daftari lililofungwa kwa kamba pembeni yake, lenye jina la kila kilichofunguliwa humo na siku kilipofunguliwa, na fundi akabidhiwe daftari hilo kabla hajapanda ngazi.